Kutoka Nyanda za Juu hadi kisiwa cha matumbawe: mwongozo kamili wa safari ya Mbudya

Watu wengi wa Mbeya, Iringa na Njombe wanaoshuka Dar es Salaam kwa harusi, mahafali au biashara hurudi bila kukanyaga kisiwa hata kimoja, ingawa visiwa viko mbele ya macho yao pale Kunduchi na Msasani. Na wale wanaokwenda, wengi hupanga siku kwa kuangalia mambo mawili tu: likizo ya watoto na nafasi ya basi. Wanafika pwani wanakuta bahari imerudi nyuma, boti imekaa juu ya mchanga, na nahodha anawaambia wasubiri. Hakuna aliyewakosea. Safari ya kisiwa cha matumbawe hupangwa kwa mwezi wa angani kwanza, kalenda ya ukutani baadaye. Ukilishika hilo kabla ya kukata tiketi, mengine yote yanarahisika.

Nafundisha jiografia sekondari hapa Mbeya, na mwongozo huu ni kwa ajili ya familia, vikundi vya vijana na walimu wenzangu wanaotaka watoto waione bahari kwa macho yao badala ya kuikariri. Nimechagua Mbudya kwa sababu mtu wa kipato cha kawaida anaweza kufika. Visiwa vingine nitavitaja kwa wenye muda au fedha zaidi.

Kwanza elewa kisiwa kimejengwa na nini

Sisi huku tumezoea nchi iliyotengenezwa na moto. Rungwe, wenye urefu wa mita 2,960 hivi, ni volkano. Ziwa Ngosi limekaa ndani ya kasoko. Daraja la Mungu kule Kiwira ni lava, na udongo mweusi wa Tukuyu unaotupa ndizi, chai na viazi umetokana na miamba na majivu ya volkano. Mbudya haina hata jiwe moja la namna hiyo. Mbudya imejengwa na wanyama.

Tumbawe unaloliona kama jiwe au kichaka chini ya maji ni mji wa wanyama wadogo sana, kila mmoja amejijengea kikombe chake cha chokaa. Ndani ya miili yao huishi mwani wasioonekana kwa macho, wanaotumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wao. Kwa hiyo matumbawe yanataka maji ya vuguvugu, masafi, yasiyo na kina kirefu, ambamo jua linapenya. Maji yakipata joto kupita kiasi, tumbawe huwatoa wale mwani, linapauka na kuwa jeupe, na hali hiyo ikiendelea linakufa kwa njaa. Hilo lilitokea kwa ukubwa mwaka 1998, wakati wa El Niño, na matumbawe mengi ya pwani yetu yakaathirika vibaya. Tumbawe la umbo la mviringo hukua kwa sentimita moja hivi kwa mwaka. Lenye ukubwa wa ndoo limekuwapo kabla mwanafunzi wangu yeyote hajazaliwa.

Sasa, kisiwa chenyewe kilitokaje juu ya maji? Miaka 125,000 hivi iliyopita dunia ilikuwa na joto zaidi na usawa wa bahari ulikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Miamba ya matumbawe ikajijenga kufuata usawa huo. Kisha ikaja enzi ya barafu: maji mengi yakagandia kwenye ncha za dunia, bahari ikashuka zaidi ya mita 100, na ile miamba ikabaki kavu juani. Barafu ilipoyeyuka bahari ikapanda tena, ikajaza mabonde na kuzingira sehemu zilizoinuka. Sehemu hizo ndizo visiwa vyetu vidogo: Mbudya, Bongoyo, Chumbe na wenzao.

Ukishaelewa hivyo, unajua la kutarajia. Hakuna kijito wala kisima. Mvua ikinyesha inapotelea kwenye matundu ya mwamba papo hapo, na udongo ni mchache, umejificha kwenye nyufa. Mimea inayoishi pale ni ile inayovumilia ukame na chumvi: vichaka vigumu, miiba, na mibuyu. Ukishuka Kitonga na kupita Ruaha Mbuyuni, itazame mibuyu ya pale kandokando ya barabara. Utakutana na ndugu zake kisiwani, katikati ya bahari, na watoto watakuuliza kwa nini.

Chagua kisiwa

Mbudya iko kaskazini mwa jiji, mkabala na Kunduchi, umbali wa kilomita chache tu kutoka ufukweni. Pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, ni sehemu ya maeneo tengefu ya bahari ya Dar es Salaam yaliyotangazwa mwaka 1975. Leo yanasimamiwa na Taasisi ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu kwa sheria ya mwaka 1994. Maana yake ni kwamba utalipa kiingilio, kuna askari wa hifadhi, na huruhusiwi kuvua wala kuchukua chochote. Kiingilio cha raia ni tofauti na cha mgeni, kwa hiyo kila mtu mzima abebe kitambulisho chake cha taifa, na watoto wabebe vya shule.

Bongoyo inafikika kwa boti kutoka Msasani. Ni nzuri kwa matembezi ya msituni, na inamfaa aliyefikia upande wa katikati ya jiji. Mimi hupendekeza Mbudya kwa sababu safari ya majini ni fupi, jambo la maana kwa mtoto ambaye hajawahi kupanda chombo, na kwa sababu upande unaotazama bara una ufukwe mpana uliokingwa na mawimbi makubwa.

Ukiwa na fedha zaidi, Chumbe, kusini magharibi mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, ni darasa la pekee. Ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994. Kuna mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904, nyumba za wageni zinazoishi kwa maji ya mvua ya mapaani, paa nunga (swala wadogo) ambao ni adimu duniani, na kaa wa nazi, kaa mkubwa kuliko wote waishio nchi kavu. Idadi ya wageni hudhibitiwa, kwa hiyo ni lazima uandike nafasi mapema. Mafia nayo ina hifadhi ya bahari tangu mwaka 1995, na ndani ya ghuba yake kimo kisiwa kidogo cha Chole chenye magofu na popo wakubwa wa matunda. Ila Mafia ni safari ya wiki nzima ukitokea huku kwetu, usiibane kwenye siku mbili.

Chagua tarehe: hapa ndipo penye kazi

Ziwa Nyasa lina mawimbi, na mtoto wa Matema au Kyela anayajua vizuri. Lakini maji ya Nyasa hayapwi, yaani hayarudi nyuma, wala hayajai kwa namna inayokulazimu kubadili ratiba yako. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, takribani saa sita kutoka kimo cha juu hadi cha chini, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo jibu la "maji yanajaa saa ngapi Dar?" linategemea unauliza siku gani ya mwezi.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta bahari kwa mstari mmoja. Siku moja au mbili baadaye unapata bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti ya mita tatu na zaidi. Mwezi ukiwa nusu, nguvu hizo hupingana, na unapata maji mafu, ambapo tofauti ni mita moja hivi na mikondo hupoa.

Jambo linalofaa kuandikwa kwenye daftari ni hili. Katika pwani ya Dar es Salaam na Zanzibar, siku za bamvua maji hupwa kabisa kwenye saa 4 au saa 5 asubuhi, na hujaa kwenye saa 10 au saa 11 jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka: yanajaa kwenye saa 4 au saa 5 asubuhi na kupwa jioni. Ni hivyo mwezi baada ya mwezi. Mvuvi wa Kunduchi haangalii simu, anaangalia mwezi.

Wewe uliye Mwanjelwa unaweza kufanya vivyo hivyo bila intaneti. Tafuta ile kalenda inayotundikwa madukani yenye tarehe za Kiislamu pembeni ya tarehe za kawaida. Tarehe za Kiislamu hufuata mwezi. Siku ya 1 hadi ya 3, na ya 15 hadi ya 17, ni bamvua. Siku ya 8 hadi ya 10, na ya 22 hadi ya 24, ni maji mafu. Kisha thibitisha kwa jedwali la kupwa na kujaa la bandari ya Dar es Salaam au kwa programu ya simu, na mwisho mpigie mtu wa boti umuulize. Akikuambia tofauti na hesabu zako, mfuate yeye.

Sasa uchague kipi? Inategemea unakwenda kufanya nini.

Kama mnakwenda kuogelea na kutazama samaki kwa miwani, na wengi wenu ni wageni wa bahari, chukueni maji mafu. Saa 4 asubuhi maji yamejaa, hayavuti sana, jua liko juu vya kutosha kumulika chini, na boti inawashusha bila shida. Kwa familia zinazokwenda mara ya kwanza sina ushauri mwingine.

Kama ni darasa la jiografia au baiolojia, au watu wazima wanaotaka kuuona mwamba wenyewe, chukueni bamvua. Bahari inavua nguo: utaona mwamba wa pembeni uliokuwa chini ya maji, vidimbwi vyenye samaki waliosubiri maji yarudi, viti vya pweza (wale wanyama wenye umbo la nyota), majongoo bahari. Lakini mpange kuvuka mapema, saa 1 na nusu au saa 2 asubuhi, kabla maji hayajakimbia mbali na ufukwe wa Kunduchi. Mkichelewa mtatembea kwenye tope na majani ya bahari hadi ilipo boti. Na msipange kurudi kabla ya saa 8 mchana.

Msimu nao una uzito wake. Kusi huvuma tangu karibu Mei hadi Septemba, na bahari huchafuka, hasa mchana. Bahati mbaya likizo ya Juni imeangukia humo humo. Ukilazimika kwenda Juni au Julai, vuka asubuhi kabisa wakati upepo bado mdogo, kaa upande wa magharibi wa kisiwa, na kubali kwamba maji hayatakuwa maangavu sana. Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi, maji ni ya joto na mara nyingi yanaonyesha chini. Kati ya misimu hiyo, Oktoba na Novemba, kuna siku za bahari shwari kabisa, na kama huna mtoto wa shule, huo ndio wakati wako. Machi mwishoni hadi Mei ni masika: mito inamwaga tope, usiende kwa ajili ya matumbawe.

Kushuka pwani

Mbeya hadi Dar es Salaam ni kilomita 830 hivi, na Iringa ni 500 hivi. Basi la alfajiri kutoka Mbeya hukufikisha Kituo cha Mabasi cha Magufuli, pale Mbezi, usiku. Wa Iringa anayepandia Igumbilo anafika bado kuna mwanga. Kuna basi la usiku pia, lakini usimtoe mtoto kwenye basi la usiku ukamwingiza baharini asubuhi hiyo hiyo. Mwili uliochoka na masikio yaliyoziba kwa kushuka milima havifai majini. Lala usiku mmoja kwanza.

Kuna njia nyingine mbili ambazo watu wanazisahau. Unaweza kushuka Morogoro na kumalizia kwa treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, ukakwepa foleni ya Chalinze hadi Kibaha. Na kuna TAZARA, reli iliyoanza kazi rasmi mwaka 1976, ambayo watoto wataikumbuka kuliko basi lolote. Ila ratiba yake uiulize stesheni ya Iyunga kabla hujafunga tarehe. Ndege hutoka Uwanja wa Songwe. Nauli ni kubwa, lakini kwa mzee mwenye miguu inayovimba ni afadhali.

Fikia upande wa Mbezi Beach, Tegeta au Kunduchi, usiende kulala Kariakoo. Kutoka stendi ya Magufuli uliza daladala ya kupitia Goba, au mgawane bajaji. Kunduchi unashukia Mtongani, Barabara ya Bagamoyo, kisha unaingia ndani kuelekea baharini. Boti za Mbudya huondoka kwenye fukwe na hoteli za eneo hilo.

Kunduchi ni kijiji cha kale cha wavuvi, na wengi wa wenyeji ni Waislamu. Pita ukiwa umevaa vizuri, khanga au suruali juu ya nguo ya kuogelea. Wazee waliokaa kwenye kivuli cha mashua wape shikamoo yao. Ukipata nusu saa, tembelea magofu ya Kunduchi: msikiti na makaburi ya nguzo yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo. Ukitoka pale unakwenda kisiwani ukiwa umeshaona jinsi mji mzima ulivyoweza kutoka baharini.

Vya kubeba

Maji ya kunywa kwanza. Lita mbili kwa kila mtu mzima, hata kama umeambiwa kuna vinywaji vinauzwa. Mtu aliyezoea baridi ya Uyole au Makete hutoka jasho jingi pwani bila kujua.

Viatu vya kuingia navyo majini: yeboyebo za kufunga nyuma zinatosha kabisa, na unazipata soko lolote huku. Kandambili hazifai, zinachomoka kwenye maji na kuelea zenyewe. Beba nguo ya mikono mirefu ya kuogea, hata fulana ya zamani. Inakulinda mgongo na jua kuliko mafuta yoyote, na baadhi ya mafuta ya kuzuia jua yana kemikali zinazodhuru matumbawe. Miwani ya kuzamia na mrija hukodishwa, lakini kama unayo yako inayokubana vizuri usoni, njoo nayo. Pima hivi: iweke usoni bila mkanda, vuta pumzi kwa pua, ikishika bila kuanguka inakufaa.

Chandarua au dawa ya kupaka ya mbu, kwa sababu mtu wa baridi ana kinga ndogo ya malaria. Homa ikikupata wiki moja au mbili baada ya kurudi, nenda ukapime siku hiyo hiyo na umwambie daktari kwamba ulikuwa pwani. Beba pia mfuko wa nguo au kikapu, kwa sababu mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na gunia dogo la kurudishia taka. Fedha taslimu kiasi kwa ajili ya boti na samaki. Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo kupitia simu, kwa hiyo hakikisha simu ina chaji na salio.

Boti

Elewaneni bei kabla ya kupanda, ya kwenda na kurudi kwa pamoja, na saa ya kufuatwa. Mkiwa wengi gharama ya kila kichwa hushuka, kwa hiyo familia mbili ziungane. Halafu hesabu majaketi ya kujiokolea: moja kwa kila mtu, likiwemo la saizi ya mtoto, livaliwe na kufungwa kabla boti haijaondoka. Kama hayatoshi, au kama watu wamezidi, shuka. Utapata boti nyingine. Nahodha mzuri hatakasirika ukiuliza, na wengi wao watakuwa wameshayagawa kabla hujafungua mdomo.

Siku yenyewe

Mkifika, msikimbilie majini. Wekeni mizigo bandani, agizeni samaki mapema kwa sababu huokwa au kukaangwa upya kwa kila mteja, kisha anzeni na mchanga.

Chukua mchanga kidogo kiganjani uutazame karibu sana. Si punje za mawe kama za kando ya mito yetu. Utaona vipande vya kombe, vijiti vya tumbawe, vigamba vidogo vyenye matundu. Sehemu kubwa ya unga mweupe umepita tumboni mwa samaki: pono, mwenye mdomo mgumu wa kukwangulia, hutafuna mwamba ili ale mwani ulioota juu yake, kisha hutoa chokaa iliyosagwa. Omba kipande cha ndimu kwa mpishi na uikamulie matone machache juu ya mchanga ule. Tega sikio na macho: vipovu vidogo vinachemka, kwa sababu tindikali ya ndimu inakula chokaa. Fanya hivyo na mchanga wa Matema uone kama utachemka. Mwanafunzi aliyeona vipovu vile hahitaji kuambiwa tena kisiwa kimetengenezwa na nini. Kisha rudisha mchanga mahali pake.

Baada ya hapo fuata ukingo wa mwamba. Kila mahali bahari inapogusa jiwe, imelila kwa chini na kuliacha limening'inia juu, na vipande vilivyojitenga vimesimama kama uyoga. Usisimame chini yake wala juu ya ukingo wake. Lakini sogea ukutani penye usalama, kwenye usawa wa macho, tafuta alama za nyota ndogo zilizopangana kwenye jiwe. Kila nyota ni kikombe cha mnyama mmoja aliyeishi wakati bahari ilipokuwa juu ya hapo uliposimama. Waache watoto wapitishe vidole. Hili jiwe limeshakufa, linaruhusiwa kuguswa. Lililo hai chini ya maji haliguswi.

Njia za ndani ya kisiwa zifuateni mkiwa mmevaa viatu vya kufunika vidole. Mwamba ule umetobokatoboka na kingo zake zinakata.

Kuingia majini kwa mtu wa nyanda za juu

Kama hujui kuogelea, bado unaweza kuona matumbawe, ila vaa jaketi, shikana na anayejua, na usivuke usawa wa kifua. Chumvi ya bahari, gramu 35 hivi kwa kila lita, inakuinua zaidi kuliko maji ya Nyasa au ya bwawa la hoteli, na hilo huwapa watu moyo kupita uwezo wao.

Anza kwa kusimama penye maji ya kiunoni juu ya mchanga mtupu. Vaa miwani, weka mrija mdomoni, inamisha uso na upumue taratibu kwa mdomo hadi moyo utulie. Usisogee mpaka hilo limekuwa rahisi. Kisha lala juu ya maji, tazama chini, na piga miguu kidogo kidogo. Mwamba ukikaribia, geuka kabla tumbo halijaugusa. Usisimame juu ya tumbawe hata ukichoka. Rudi nyuma kwenye mchanga, au elea chali. Mguu mmoja huvunja kilichojengwa kwa miaka kumi.

Ukitulia bila kurusharusha mikono, samaki watarudi. Utasikia kitu pia: mlio wa kukwaruza, kru, kru. Huyo ni pono yuko kazini.

Waliobaki ufukweni wawe na kazi moja tu, kuhesabu vichwa. Kwa watoto, mtu mzima mmoja asiwe na zaidi ya watatu majini. Ukihisi mkondo unakuvuta, usipigane nao uso kwa uso. Kata kwa ubavu kuelekea ufukwe, inua mkono, ita.

Kuna viumbe wa kuwaheshimu. Wanyama weusi wa mviringo wenye miba mirefu kama sindano hukaa kwenye mianya ya mwamba, na ndiyo sababu ya kutembea na viatu. Mwiba ukiingia, usiukamue. Toa unaoonekana, loweka mguu kwenye maji ya moto unayoyavumilia, na usiobanduka upelekwe hospitali. Kuna samaki anayefanana na jiwe kabisa, mwenye sumu kali mgongoni. Aliyechomwa naye alowekwe kwenye maji ya moto hivyo hivyo huku boti inaitwa, si jambo la kusubiri jioni. Konyeza, yule mnyama laini anayeelea na kuwasha, akikugusa, suuza kwa maji ya bahari, si maji ya kunywa ya chupa, na usisugue na mchanga. Konokono mwenye gamba zuri la umbo la pia usimwokote, wengine wao wana sumu inayoweza kuua mtu.

Na usinunue wala usiokote kombe, kiti cha pweza au kipande cha tumbawe cha kupeleka nyumbani. Ni kosa kisheria ndani ya eneo tengefu. Najua mtoto atalia. Mpe simu apige picha.

Kulala kisiwani na kurudi

Mbudya watu hulala kwenye mahema kwa kibali cha hifadhi. Ni usiku mzuri, ila ni kwa watu wazima waliobeba maji ya siku mbili na wenye nahodha waliyeelewana naye asubuhi ya kurudi. Kwa familia ya mara ya kwanza, siku moja inatosha.

Ondokeni mapema kuliko mnavyotaka. Msimu wa kusi, alasiri upepo unapanda na kuvuka kunakuwa kwa kulowana. Zoeni taka zote, pamoja na mifupa ya samaki na plastiki mlizokuta zimeachwa na watu wengine, mzirudishe bara. Nguo na viatu visuuzeni kwa maji yasiyo na chumvi usiku huo huo kabla chumvi haijakauka, na masikio ya watoto yakaushwe kwa ncha ya taulo.

Usikate tiketi ya basi ya kesho yake alfajiri. Acha siku moja katikati: kwa ajili ya mgongo ulioungua, kwa ajili ya bahari iliyogoma jana yake mkalazimika kuahirisha, au kwa ajili ya Kunduchi yenyewe saa ya mashua kurudi na samaki. Kikundi cha shule kiandikie Taasisi ya Hifadhi za Bahari mapema kueleza idadi na tarehe. Tarehe hiyo muiandike baada ya kuitazama ile kalenda ya dukani, siku za bamvua kama ni darasa la kuuona mwamba, siku za maji mafu kama ni kuogelea, kisha ndipo mmoja wenu aende stendi kuuliza nafasi.